Kwa nini Posta na Kariakoo ni kama miji miwili wakati ni mwendo wa miguu tu?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi nimekuja Dar mwaka jana kikazi nikitokea Mwanza, ofisi yetu ipo Posta na mahitaji yangu yote nafata Kariakoo. Kinachonishangaza ni kwamba kwa miguu haifiki hata nusu saa lakini ni kama umetoka mji mmoja ukaingia mwingine kabisa, majengo tofauti, watu tofauti, mpaka makelele tofauti. Halafu hapo kati kuna uwanja mkubwa wa Mnazi Mmoja umekaa tu wakati kiwanja cha mjini ni dhahabu. Nani aliupanga hivi na kwa nini?

Jibu: Marhaba mdogo wangu, na karibu mjini. Umeuliza vizuri, na umeliona hilo kwa sababu unatembea, wenye magari hawalioni, wao wanaona foleni tu. Nimefanya kazi ya mipango miji zaidi ya miaka thelathini, nimefunua ramani za huu mji toka zile za kuchorwa kwa mkono mpaka hizi za kwenye kompyuta, na nakwambia hujakosea, ni miji miwili kweli. Tena ilikuwa mitatu, huo wa tatu unaukatiza kila siku bila kujua kwa sababu unakwepa bajaji. Na huo uwanja uliokaa tu hakuna aliyeusahau, uliachwa makusudi. Sasa chukua chai ukae maana stori ni ndefu.

Inabidi tuanze na maji. Miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alikuwa anatafuta bandari yake huku bara. Bagamoyo ilikuwepo na ndo misafara ilikuwa inaishia pale, lakini pwani ya Bagamoyo ni maji mafupi, jahazi linakwenda linakalia mchanga maji yakipwa, watu wanashusha mzigo mabegani wanatembea nao kwenye tope, ni sawa kwa jahazi ila meli ya moshi inabidi ikae mbali kule. Hapa kwetu kulikuwa na Mzizima, kijiji cha Washomvi na Wazaramo, wavuvi na wakulima, na nyuma ya kijiji ghuba imejificha yenye mlango mwembamba, ukishaingia ndani kina kirefu na maji yametulia kama ya mtungini. Mlango ule ulikuwa tabu kwa tanga maana upepo ukikataa huingii, lakini kwa meli ya moshi ni raha tupu. Majid akaanza kujenga, akaleta watu, na ukipita Sokoine Drive pale karibu na geti la bandari lile Boma la Kale unaloliona ni la enzi zake. Kama jina Dar es Salaam ni nyumba ya amani au bandari ya salama, ugomvi huo waachie wazee wa kahawa.

Majid akafa 1870, mdogo wake Barghash hakuwa na habari na mji wa kaka yake, nyumba zikaota majani. Ndo hali Wajerumani waliyoikuta walipoingia 1887, na 1891 wakahamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kuja hapa, sababu ni ileile, kina cha maji. Sasa hapa ndo linaanza swali lako, kwa sababu mwaka uleule 1891 wakatoa sheria ya ujenzi iliyoukata mji kanda tatu.

Sikiliza ujanja wa ile sheria, maana mimi nilivyoisoma mara ya kwanza nilicheka afu nikanyamaza. Haikusema mzungu akae hapa na mwafrika akae kule. Ilizungumzia nyumba. Kanda ya kwanza, mashariki kwenye upepo wa bahari, ruksa kujenga nyumba ya kizungu tu. Kanda ya pili nyumba yoyote ya kudumu, ya mawe. Kanda ya tatu huko nyuma ndo unaweza kujenga nyumba ya miti, udongo na makuti. Kwenye karatasi hakuna rangi ya mtu hata moja, ila we niambie, mwaka ule nani hapa alikuwa na hela ya kujenga nyumba ya kizungu? Kwahiyo sheria ya matofali ikafanya kazi ya sheria ya ngozi bila kuitaja ngozi, na watu wa mjini hawakudanganyika, wakazipa zile kanda majina yake halisi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Majina hayo utayakuta na miji mingine ya nchi hii, ila hapa yalikuwa na mipaka ya kwenye ramani.

Chukua njia yako ya kila siku uone. Ukianzia Kivukoni, Ikulu, Ocean Road, pale wizara nyingi zilipokuwa kabla serikali haijahamia Dodoma, kote huko ni kanda ya kwanza. Miti mikubwa, viwanja vipana, nyumba zimekaa mbalimbali ili upepo upite. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa 1897 na ilikuwa ya wazungu. Wengine wote walikuwa na hospitali iliyotokana na hela za Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, na hiyo ndo chimbuko la Muhimbili, ukienda Muhimbili leo bado utasikia mtu kalazwa Sewahaji. Umeona, mpaka kuumwa kulikuwa na kanda. Mtaa wa Samora unaopita kila siku ulikuwa Unter den Akazien kwa Mjerumani, Mwingereza akauita Acacia Avenue, tukapata uhuru ukawa Independence Avenue, afu ndo Samora. Jina limebadilika mara tatu, mtaa umekaa palepale.

Ukitembea na Samora kuelekea Mnara wa Saa, kulia kwako ndo kanda ya pili, ule mji wa tatu niliokwambia unaukatiza bila kuuona. Mosque Street, Jamhuri, Indira Gandhi, Zanaki, Kisutu. Siku moja simama ukunje shingo uangalie juu, acha maduka ya chini. Utaona vibaraza vya chuma na vya zege vimechongwa maua, mwaka umeandikwa kwenye kipaji cha jengo, jina la familia au la mama mwenye nyumba, nguo zimeanikwa. Chini duka juu nyumbani, ndo mtindo wa Uhindini, mtu anashuka ngazi anafungua duka anapanda ngazi anakula. Usidhani Wahindi ni kitu kimoja, wenyewe wangekushangaa, kuna Waismailia na jamatkhana yao, yaani nyumba yao ya ibada, kuna Mabohora, kuna Ithnaasheri, kuna Wahindu na mahekalu yao pale Kisutu, kuna Wagoa na kanisa katoliki, na kila jamaa walijenga shule yao, zahanati yao, na ukumbi wao. Humohumo walikaa na Waarabu wa Kishihiri wenye viduka na kahawa.

Kuna kitu kimoja ambacho watu hawakijui kuhusu kwa nini biashara ilibaki Uhindini muda mrefu vile. Wanasema ah Wahindi wanajua biashara. Sawa wanajua, lakini pia Mwingereza alikuwa na sheria toka miaka ya 1920 ya kubana mikopo kwa wenyeji, yaani asiye mwafrika akimkopesha mwafrika mali bila kibali hawezi kumdai mahakamani. Walisema ni kumlinda mwafrika asinyonywe na madeni. Matokeo yake we mwenyewe unafanya kazi mjini unaelewa, biashara ya jumla inakwenda kwa mali kauli, unachukua mzigo unauza ndo unalipa, sasa kama hakuna wa kukukopesha utatokaje kwenye genge uwe na duka? Ulinzi wa namna hiyo ni sawa na kumfungia mtu ndani ili mvua isimnyeshee.

Sasa tuvuke. Ukipita Mnara wa Saa, ambao wenyewe uliwekwa kukumbuka mji kupewa hadhi ya jiji 1961, unaingia Mtaa wa Uhuru, zamani Kichwele, unavuka barabara ya Bibi Titi, na huo hapo Mnazi Mmoja. Mwingereza alipouchukua mji Septemba 1916 alikuta kanda za Mjerumani, akazipenda, miaka ya 1920 akaziandika upya kwenye kanuni zake na huo uwazi akaukaza, akahamisha nyumba ili pabaki ukanda mtupu. Sababu aliyotoa ni afya. Mbu wa malaria, tauni, kwamba mdudu asiruke kutoka Uswahilini akafika kwa bwana mkubwa. Na upande wa kaskazini ukiangalia ramani ya zamani utaona viwanja vya gofu na bustani vinafanya kazi ileile ya kutenganisha. Kwahiyo ukiuliza kwa nini Mnazi Mmoja hapajajengwa jibu ni hilo, ule ni ukuta, tofauti ni kwamba umejengwa kwa hewa.

Na ng'ambo ya ukuta ndo Kariakoo. Mitaa yake imenyooka kama imepigwa rula kwa sababu Mjerumani alishaanza kupima viwanja pale kabla ya vita. Vita Kuu ya kwanza ikaja, Waingereza walivyoingia wakapafanya kambi ya wapagazi wao, kikosi kile kiliitwa Carrier Corps, wenyeji wakalitafuna jina likawa Kariakoo. Wapagazi maana yake watu waliokokotwa kutoka vijijini kubeba risasi na unga mgongoni kuwafata askari porini mpaka kusini huko, wakafa maelfu kwa maelfu, wengi si kwa risasi, ni kuhara, malaria na njaa. Na ile sanamu ya Askari pale Posta, Samora na Azikiwe, unayoitumia kumuelekeza mtu mkutane hapo, iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari wa Afrika pamoja na hao wapagazi, maandishi yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kabla yake pale palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Mimi kila nikipita naona kitu kimoja, hao jamaa kambi yao ilikuwa ng'ambo kule, sanamu yao ikawekwa Uzunguni ambako wao wenyewe wangekuwa hai wasingepata pa kulala.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye nyumba, maana bila nyumba ya Kariakoo huwezi kuielewa Dar. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba mtaa mmoja wa kule nyuma kuelekea Gerezani, nimekulia humo likizo zote. Ile nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, mlango wa mbele uko katikati, ukiingia kuna ukumbi mrefu kama korido unakwenda moja kwa moja mpaka mlango wa uani, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto vinaangaliana. Mbele nje kuna baraza la simenti la kukaa. Nyuma uani kuna jiko, bafu, choo cha shimo, kamba za nguo, na siku zote kuna mtu anachambua mchele kwenye ungo. Bibi alikuwa na chumba cha kwanza kushoto, karibu na mlango wa mbele, ili aone anayeingia na anayetoka na saa ngapi. Vyumba vingine vitano wapangaji. Kulikuwa na Mzaramo anauza samaki Feri, Mnyamwezi kuli wa bandarini, mama mmoja wa Kimanyema na binti zake wanapika vitumbua, Mngoni karani, na chumba cha mwisho karibu na choo, ambacho kodi yake ndogo, kila mwaka anakuja mwingine. Akina mama wenye nyumba kama bibi walikuwa wengi pale, mwanamke aliyeachika au mjane akipata viji-hela anaweka kwenye nyumba, kodi ya vyumba vitano inamlisha mpaka anakufa.

Sasa fikiria uani pale asubuhi. Makabila matano, choo kimoja, bomba moja, na foleni. Utaongea lugha gani? Ndo hapo Kiswahili cha Dar kilipopikwa, utani wa Wazaramo na Wanyamwezi unaanza saa kumi na mbili asubuhi na mswaki mdomoni. Watu wa vyuo wanapenda kusema taifa lilijengwa na viongozi, sawa, mimi nasema na foleni ya bafu nayo iandikwe humo. Mkoloni alitaka Uswahilini pawe mahali pa kuhifadhi vibarua, hakufikiria kwamba ukiwabana watu wa nchi nzima kwenye korido moja watafahamiana.

Na walifahamiana kweli. Chama cha African Association kilianza 1929 hapahapa, humo ndani ya waanzilishi alikuwemo Kleist Sykes, mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani. Makuli wakagoma 1947 na mgomo ukatoka bandarini ukasambaa nchini. Mwanae Kleist, Abdulwahid, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo na nyumbani kwake ndo palikuwa pa kukutania. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa mtaa wa New Street, leo Lumumba, na Lumumba iko wapi? Iko pembeni kabisa ya Mnazi Mmoja, unafungua mlango unauona uwanja. Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara ya upande wa pili wa uwanja imepewa jina lake, kabla ya siasa alikuwa muimbaji kiongozi kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama, akawaingiza wanawake wa mjini kwenye chama kwa njia ya ngoma hizohizo, maana mtandao ulikuwa tayari, wanajuana, wana michango, wana sare za khanga.

Na mikutano ya hadhara ikafanyika wapi? Mnazi Mmoja na Jangwani. Ukanda ulioachwa mtupu ili watu wasikutane ndo uliokuwa na nafasi ya kutosha watu wote kukutana. Mpaka leo sala za Idd, maulidi, mikutano ya wafanyakazi, ni palepale. Hii ndo sababu mimi nikiwa kazini kila alipokuja mtu na michoro ya kupajenga nilikuwa naweka kalamu chini. Anayeona pamekaa tu hajawahi kufika pale asubuhi ya Idd.

Na mpira nao usiusahau maana we mtu wa Mwanza najua utauliza. Yanga 1935, Simba 1936, wote watoto wa Kariakoo, mmoja klabu yake Jangwani mtaa wa Twiga na mwingine mtaa wa Msimbazi, ni pua na mdomo. Leo shabiki wa Kigoma au Bukoba anapigana na ndugu yake kwa ajili ya ugomvi wa mitaa miwili ambayo hajawahi kuiona.

Utaniuliza sasa mbona uhuru ulikuja na mistari haikufutika? Ilifutika kidogo. Kisheria kanda zilikufa. Halafu 1971 ikaja sheria ya utwaaji wa majengo, kila jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 likachukuliwa na serikali, likawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kwa sehemu kubwa mwenye jengo la namna hiyo alikuwa Mhindi, familia nyingi zikafunga mabegi zikaenda Uingereza na Canada, na waliobaki wakageuka wapangaji kwenye nyumba walizojenga babu zao. Mwafrika akaanza kupata fleti Uhindini na Upanga, wakubwa wa serikali wakaingia Oysterbay kwenye nyumba za mabwana wa zamani. Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba 1990, lakini wazee bado utawasikia wakisema nyumba ya Msajili. Mimi kwenye hili sina upande mmoja. Nimeona watu waliopata chumba cha kukaa mjini kwa kodi wanayoimudu, na nimeona mzee wa Kihindi analipa kodi ya chumba alichozaliwa.

Ila nyumba ni kitu kigumu kufa. Kiwanja kikishapimwa kikubwa Oysterbay kinabaki kikubwa, kilichopimwa kidogo Kariakoo kinabaki kidogo, barabara ile pana na ile nyembamba zote ziko pale, bomba la maji taka lilipita kwa nani na halikupita kwa nani ni mambo ya kabla sijazaliwa mimi na bado yanaamua nani mvua ikinyesha choo chake kinafurika. Mji ulikuwa na watu kama laki moja na kidogo mwaka 1957, sensa ya 2022 tukawa milioni 5.38, na wote hao wamejipachika kwenye mifupa ileile. Watu wakajazana kando ya barabara nne kubwa, Bagamoyo, Morogoro, Pugu ambayo sasa ni Nyerere, na Kilwa, kama vidole vya mkono, na kiganja ni Posta na Kariakoo. Ndo maana asubuhi unaona mji mzima unakwenda upande mmoja. Kulifanyika mipango mikubwa ya mji 1949, 1968 na 1979, mizuri tu kwenye karatasi, viwanja vya Sinza na Kijitonyama vilipimwa miaka ya 70 na vilisaidia, lakini mji ulikuwa unakimbia na sisi tunautembelea nyuma na futi kamba.

Bonde la Msimbazi pale Jangwani ni hivyohivyo, mto unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe unakuja kumwaga baharini pale daraja la Selander, bonde hilo lilitakiwa lipumue, watu wakajenga mabondeni kwa sababu ndo karibu na kazi na hakuna pengine pa kumudu, Desemba 2011 mafuriko yakawabeba, wengine wakahamishiwa Mabwepande, wengine wakarudi. Na karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo ikajengwa palepale, mambo mengine mtu mzima unaangalia unameza mate.

Na Kariakoo yenyewe imegeuka. Zile nyumba za vyumba sita kuanzia miaka ya 90 zikaanza kuondoka. Mara nyingi ilikuwa hivi, mzee ana kiwanja hana hela, mfanyabiashara ana hela hana kiwanja, wanakubaliana, linapanda ghorofa, mzee anapewa fleti moja au mbili juu kule na maduka ya chini yanakuwa ya mwenye hela. Wengine walichukua fedha taslimu wakajenga Mbagala, Chanika, Gongo la Mboto. Nyumba ya bibi wajomba zangu waliiuza, ilikuwa ugomvi wa miaka minne, sitaki kuukumbuka. Kwahiyo hao unaowaona Kariakoo mchana, mdogo wangu, wengi hawalali pale. Ni machinga, ni wenye maduka, ni Wazambia na Wakongo na Wakomoro na Wamalawi waliokuja kufunga mzigo, saa moja usiku wote wanapanda magari. Hilo ndo linalokufanya usikie makelele tofauti, Posta ni mji wa watu walioajiriwa, Kariakoo ni mji wa watu wanaojiajiri, mmoja ananyamaza kwa sababu bosi yupo na mwingine anapiga kelele kwa sababu akinyamaza hapati cha kula.

Kwa upande wa nani mwenyewe wa mji, najua hukuuliza ila utauliza. Ukitaka kuwajua wenyewe nenda kwenye msiba wa mtu wa Kariakoo aliyehamia Mbagala. Watajaa watu wa mtaa wa zamani wote, waliotawanyika kuanzia Bunju mpaka Kigamboni, wanaitana kwa namba za nyumba ambazo hazipo.

Mwisho, kama kuna siku unachukua bajaji toka Posta kwenda Kariakoo acha, unatupa hela bure. Toka ofisini saa kumi jua likishapoa, pita Samora mpaka Mnara wa Saa, shika Uhuru, na ukifika katikati ya Mnazi Mmoja usikimbilie kuvuka Lumumba. Geuka uangalie ulikotoka. Utaona watu wanatoka Posta kwa miguu mamia kwa mamia, mashati yamechomekwa, mikoba begani, wanakuja kutafuta gari Gerezani au kupita sokoni kuchukua nyanya na dagaa kabla ya kwenda Gongo la Mboto. Kuna muuza kashata pale upande wa kivuli, mwambie akupe za nazi, za karanga huwa anazichoma sana.